Fundi na Gari la Amana

Kta.

Sauti yenyewe ni hiyo tu. Fundi anazungusha ufunguo, ndani ya gari panasikika kta, kama mtu ameweka kikombe mezani, halafu basi. Wageni walikuwa wakisimama na kutega sikio wakingoja injini iwake, na wakati wao wanangoja gari lilishaondoka, kilichobaki ni kokoto zinazolia chini ya matairi. Nimekulia kando ya barabara ya Lindi. Nimelala na malori, nimeamka na mabasi. Ukiniambia niige sauti ya lori hata moja leo nitakosea. Hii siikosei.

Fundi hayupo tena. Naandika haya nikiwa sina huzuni kubwa wala raha. Nipo kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa, unajua ni wako, lakini hauitiki. Wanaonijua wananishangaa, maana mimi ni mtu wa kucheka mpaka wateja wanaoniletea simu wanauliza kama nazicheka. Mama anasema ganzi itaachia. Haya, nangoja iachie.

Hapa Kibiti mafundi wako wengi. Yupo wa pikipiki, yupo wa majokofu, yupo wa cherehani. Lakini ukisema Fundi ukanyamaza, kila mtu anajua unamtaja nani. Alikotoka ni visiwani mdomoni mwa mto, kwa watu wa mikoko, na kwangu hilo lilitosha, kwa kuwa lilinipa la kumtania. Sisi kwetu ni milimani, upande wa kusini, na yeye hakuacha kunikumbusha.

"Nyie watu wa milimani," alikuwa akisema, "mkiona maji ya goti mnatoa shahada."

"Na nyie wa mikoko mkiona kilima mnauliza kimejaa saa ngapi."

Kibanda changu cha kuchaji simu na kubadili vioo kimepakana na gereji yake. Kati yetu ni bati moja. Likigongwa kwake, simu zangu zinatikisika. Nilianza pale baada ya kidato cha nne, kwa matokeo ambayo mama aliyasoma, akayakunja, akayaweka chini ya godoro, na hatujayazungumza tena. Wiki ya kwanza Fundi alipita, akachungulia meza yangu.

"Nani kakufundisha kuunga waya?"

"Nimejifunza mwenyewe, Fundi."

"Inaonekana."

Akaenda zake. Kesho yake akaniletea chuma chake cha kuungia waya, kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. "Nakuazima," akasema. "Sikupi. Ukitaka kupewa nenda kwa mjomba wako." Nilikaa nacho miaka minne, na kila Ijumaa akitoka msikitini aliuliza kupitia kwenye bati, "Chuma changu kizima?" Nakiinua akione kwenye upenyo. Anarudi kazini.

Mali ya watu ilikuwa ugonjwa wake. Alikuwa mfupi, na gari la mteja akitaka kuliingiza ndani lazima avute kiti mbele. Basi kabla ya kukigusa alichora mstari wa chaki sakafuni mwa gari, mahali kiti kilipokuwa, na akimaliza alikirudisha kwenye mstari, akaufuta kwa kitambaa. Redio ya mteja hakuiwasha. Alichokikuta ndani ya gari alikitia kwenye kopo lenye kifuniko. Siku moja alimkabidhi dereva andazi lililokaa siku tisa, likawa gumu kama kokwa la embe. Dereva akalitazama.

"Hili la nini, Fundi?"

"Lako. Uliliuma mara moja."

Kuna kiatu cha mtoto, cha kushoto, kilikaa kwenye kopo lile miaka miwili. Mwenye gari alipopita tena, gari jingine kabisa, Fundi alimtambua kwa kukohoa kwake, akamfuata mpaka kwenye kibanda cha chai akampa. Yule baba alikigeuzageuza. Mtoto ameshaanza shule, akasema. Akakitia mfukoni.

Sikio lake lilikuwa jambo jingine. Alikuwa na bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Mkipiga kelele anasema, "Nyamazeni, mgonjwa anaongea." Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kusema polepole. Akikusalimia, stendi nzima inaitikia. Mara moja lilikuja lori la kubebea korosho. Akasikiliza kidogo tu, akamwambia dereva, "Hili limewahi kulala majini." Dereva akakataa katakata. Fundi akafungua kitu kimoja chini, akamwonyesha tope la mto, tope jeusi la bondeni, limekauka mahali ambapo mvua haifiki. Dereva akampigia simu aliyemuuzia. Walizungumza kwa ukali, kisha akakata.

"Mzee, wewe mganga?"

"Mganga angekwambia rudi kesho."

Sasa, mtu huyohuyo, wa chaki na andazi, ndiye aliyetoa injini ya gari lisilo lake bila kumwomba mwenyewe. Nimelitazama jambo hili kila upande. Kila nikitaka kumsimulia Fundi, naishia hapa.

Gari lenyewe lilikuja kabla yangu, lakini habari zake nimezisikia mara nyingi kiasi kwamba naona kama nilikuwepo. Mabwana kadhaa wa Dar, watu wazima wapenda magari ya zamani, walikuwa wakienda Kilwa kwa msafara. Moja likafia karibu na Bungu, likavutwa mpaka hapa. Gari dogo la mbio, la watu wawili, halina paa, bodi lake ni la faiba kama boti za kule bandarini, limekaa chini mpaka mtu akiwa ndani mkono wake unaweza kuokota jiwe barabarani. Jepesi ajabu. Vijana wanne wa bodaboda walilinyanyua kutoka mtaroni bila kamba. Lilikuwa jeupe, limeviringika kila pembe, wakaliita Sabuni.

Mwenyewe alikuwa bwana mwembamba, mpole, amevaa kofia ya pama. Wenzake walikuwa wanamngoja na honi zao. Alimwekea Fundi ufunguo kiganjani, akasema, "Nakuachia amana. Nitarudi mwezi ujao."

Fundi aliupokea kwa mikono miwili.

Kwetu neno hilo halitamkwi ovyo. Ukipewa kitu kikaitwa amana, hukitumii, hukiazimi, hukipunguzi wala hukiongezi. Mwenyewe akirudi, anakikuta. Ukifa hujakirudisha, unakwenda nacho. Bwana yule angesema tu "nitengenezee," mambo yote yangekuwa mepesi.

Mwezi ukapita, na mwaka. Alipiga simu mara mbili, akasema anaumwa kidogo, lilinde tu. Mara ya pili Fundi alimweleza injini imepasuka ubavuni, haitengenezeki, na kipuri chake hapa nchini hakuna. Bwana akasema, "Haidhuru, wewe lilinde." Kisha namba ikawa haipatikani. Fundi alilifunika turubai. Kila Jumatatu alilifunua, akalifuta vumbi, akalizungusha matairi kwa mkono ili yasilale upande mmoja, akalifunika. Kuku wa jirani alipotaga chini ya kiti, alimrudishia mwenye kuku mayai yote, na ganda moja lililovunjika.

Nilikuwa na mwaka wa pili pale nilipomsikia akisema peke yake upande wa pili wa bati, kwa sauti yake ile, kwa hiyo stendi nzima ilisikia: "Mtu mwenye miguu mizima wamemlaza kitandani."

"Nani huyo, Fundi?"

"Hili."

Ghala moja la korosho lilikuwa limetupa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia magunia, na Fundi akaomba mota yake. Aliiweka sakafuni karibu na Sabuni. Akakaa kwenye ndoo, akaitazama mota, akalitazama gari. Siku tatu hakufungua kazi nyingine. Siku ya nne akaniita.

"We binti wa milimani. Simu yako inapata wapi nguvu?"

"Kwenye betri."

"Na betri ikiwa kubwa?"

"Simu inakuwa nzito, mwenye simu anakonda."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo. Kicheko chake kilikuwa kidogo, cha puani, hakifanani na sauti yake.

Nikamuuliza. "Na mwenyewe akirudi?"

"Nitamwambia nimelitia miguu, aniridhie. Asiporidhia narudisha kama lilivyokuwa."

"Lakini hujamwomba."

Alichukua kitambaa akafuta spana iliyokuwa safi. "Simu yake haipatikani," akasema. Huo ndio udhuru pekee niliowahi kuusikia ukitoka kinywani mwake, na ulitoka kwa sauti ya kawaida, mimi peke yangu nikausikia.

Kazi ilituchukua mwaka na kitu. Injini aliitoa kwa mnyororo, akaipaka grisi, akaivika kanga mbili kuukuu za mkewe, akailaza juu ya mbao kwenye kona. Kila nati na kila bolti aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na juu ya kopo aliandika kwa mkaa: *kushoto juu*, *kulia chini, ndefu*, *hii ngumu, ivute taratibu*. Nilidhani ni ukongwe. Makopo yalikuwa arobaini na zaidi, yamepangwa kama darasa.

Betri zilikuwa za kwangu, yaani kazi yake ilikuwa yangu. Bajaji ya umeme kutoka Dar ilikuwa imepinduka karibu na Bungu, mwenyewe akaiuza vipandevipande. Nilifungua pakiti, nikapima betri moja moja kwa mita yangu ndogo, zilizokufa huku, nzima huku, wiki tano, vidole vikawa vyeusi. Mama akasema naoza. Mimi nilikuwa naona mbali. Nilikuwa naona boti za visiwani zikitembea bila kelele, abiria wakizungumza kama watu walio sebuleni, mama mjamzito akiwahishwa hospitali bila kupasuliwa kichwa na mashine. Nilimwambia Fundi ndoto hiyo yote siku moja nikiwa nimeshika mkia wa waya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Sasa shika waya vizuri, usituzike kabla ya boti."

Ile swichi kubwa ya sumaku, inayofunga njia ya umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota, tuliipa jina la Bawabu. Ndiyo iliyokuwa ikisema kta. Bila ya Bawabu hakuna kinachopita.

Na alikosea, nisije nikamfanya malaika. Mtu aliyekulia kwenye mikoko anaamini mkoko ni jibu la kila swali. Nguzo za gereji mkoko, meza mkoko, mpini wa nyundo mkoko, hata kijiti cha kuchokonolea sikio sitashangaa. Basi kitanda cha kukalia betri akakiunda kwa mkoko, boriti za maana, zilizokaa matopeni mpaka zikawa nyeusi. Haziliwi na mchwa, akasema. Nikamwambia, "Fundi, mchwa wa kwenye gari nani kawaona?" Akaendelea kupigilia boriti.

Siku ya kulijaribu walikuja watu. Kta. Sabuni likaondoka vizuri, likapita mbele ya muuza mihogo, likafika kwenye tuta la kwanza, likakalia tumbo. Matairi yanazunguka hewani taratibu, na Fundi yuko ndani, mikono kwenye usukani, anatazama mbele kama anaendelea na safari.

Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Fundi, umetengeneza gari au umejenga nyumba?"

"Ngoja akapaue," mwingine akadakia.

Wale wanne waliolibeba zamani hawakuweza. Ilibidi wawe wanane.

Jioni ile mkewe alimletea chai gerejini. Ni mama wa maneno machache, alichukua yote yaliyobaki baada ya mumewe kusema. Akaingiza kichwa, akaziona boriti. "Mlango wa jiko langu ni wa mwale," akasema, "naufungua kwa kidole." Mwale ni mti wa jamii ya mkindu, wa mabondeni, kuti lake lina uti mrefu, mwepesi, watu hufanyia milango na vitanda. Asubuhi Fundi alikuja amebeba mlango wa jiko kichwani. Mkewe akapika bila mlango, mbuzi wakawa wageni wa kila siku, na Sabuni likanyanyuka kutoka chini kiasi cha mkono.

Aliponipakia mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa baada ya swala, njia ya vumbi ya kwenda Dimani. Nilijifunga kitenge kichwani mafundo mawili, nikijiandaa kwa upepo. Upepo wenyewe haukuja, kwa maana Fundi, aliyefufua magari ya nusu ya wilaya, alikuwa anaendesha kama amepakata mayai. Pikipiki ilitupita imebeba mkungu wa ndizi na mtu. Baiskeli ilitupita. Mzee wa baiskeli akageuka akasema, "Niwavute?"

Lakini nilisikia. Hilo sikulitegemea. Ndani ya gari linalotembea nilisikia kinu kikitwangwa nyuma ya nyumba. Nilisikia mama anamwambia mtu, "Chumvi umeitia au umeiahidi?" Nilisikia mtoto anasoma juzuu, anakosea, anarudia. Maisha yangu yote nimepita mbele ya nyumba za watu ndani ya kelele, sikujua kama zinasema. Nilianza kucheka, sikuweza kujizuia. Fundi aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zuri.

"Unasikia?" akauliza. Akauliza kwa sauti ya chini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza hakuwa na kitu cha kushindana nacho.

Tulikwenda, tukarudi, na chaji ikabaki. Habari zikatembea na madereva, mpaka Mkuranga, mpaka Dar, kwamba Kibiti kuna gari dogo jeupe linakwenda kama kivuli. Watu walisimamisha mabasi kulitazama. Fundi aliwaonyesha, kisha alilifuta, akalifunika turubai. Hakulitumia kwenda sokoni, hakulitumia hata kwenda kuzika. Nilipomwambia tutoke tena alisema, "Nimelijaribu. Sasa namngoja mwenyewe." Mara sita tu lilitembea, nimezihesabu. Na kila Jumatatu aliipiga ile namba isiyopatikana, mkono mmoja umeweka simu sikioni, mwingine unazungusha tairi.

Alianguka akitia udhu. Upande wa kulia wote ukafa, na ulimi ukawa mzito. Sauti iliyokuwa ikiamsha stendi ikawa unainama ndipo uisikie. Gereji ikafungwa. Mkewe alikuwa akiniletea simu ya Fundi niichaji, na ndiyo maana ilipoita, siku ya Jumatatu asubuhi, iliita mezani kwangu. Jina lililotokea kwenye kioo nililijua: *Mwenye Amana*.

Nikapokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Habari za huko. Naongea na fundi?"

"Fundi anaumwa, dada. Mimi ni jirani yake. Nitamfikishia."

"Pole. Mimi ni binti wa mwenye lile gari dogo. Baba ametangulia, mwezi wa pili sasa. Namba yake nimeirudisha hewani ndipo nikakuta ujumbe wa kupigiwa, kila Jumatatu, kila Jumatatu. Tumesema tulichukue, tuliweke nyumbani kama kumbukumbu. Jumamosi nitakuja na lori."

Nikasema nimesikia, na Mungu amrehemu. Nikakata. Kioo kikazima. Nilikuwa na siku tano, na hakuna mtu duniani aliyejua kuhusu simu ile isipokuwa mimi na yule dada. Nitasema ukweli: niliwaza kunyamaza. Niliwaza aje alikute linatembea, alipande, akisikie kile kinu. Angefurahi. Nani asingefurahi?

Kisha nikaenda kwa Fundi.

Alikuwa amelazwa ubavu, anatazama mlango. "Shikamoo, Fundi." Midomo ikachukua muda. "Marahaba. Chuma changu kizima?"

Haikuwa Ijumaa. Nikasema kizima. Nikamweleza simu, neno kwa neno. Aliposikia "ametangulia" alifumba macho, na jicho la kulia halikufumba vizuri.

"Nilikuwa nataka aniridhie," akasema.

"Binti yake ataridhia, Fundi. Ni mtu mzuri, nimemsikia sauti. Tumwambie tu."

"Yeye ataridhia lake." Akapumzika. Kila neno lilikuwa likivutwa kama mzigo. "Aliyenipa ufunguo ni baba yake. Baba yake aliacha gari bovu. Arudishiwe bovu lake."

"Linatembea, Fundi. Umelitia miguu. Unataka tuikate?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliusogeza mkono wa kushoto, ule mzima, akaushika wa kulia, akauweka juu ya tumbo vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha mtu.

"Makopo yameandikwa," akasema. "Nisiende nalo, mwanangu."

Alikuwa ananiita binti wa milimani miaka yote. Siku hiyo peke yake aliniita mwanangu.

Mkewe alinisindikiza mpaka kwenye jiko lisilo na mlango. "Basi vile vipande vya mwale nirudishie," akasema. Akainama kupuliza moto, ingawa moto ulikuwa unawaka.

Jumatano nilianza. Betri kwanza, moja moja, zile zilizonisugua vidole. Kisha kitanda cha mwale. Kisha Bawabu, kisha mota, ambayo vijana wawili wa bodaboda walinisaidia kuishusha kwa mnyororo bila mzaha hata mmoja. Nilikuwa nasubiri kulia. Sikulia. Mikono ilikuwa inafanya kazi na mimi nimekaa pembeni yake. Niliivua injini zile kanga, nikaifuta grisi, tukaiingiza. Iliingia kama haijawahi kutoka. Na kopo baada ya kopo, *kushoto juu*, *kulia chini, ndefu*, kila nati ikapata nyumba yake. Kwenye kopo la *hii ngumu, ivute taratibu* nilivuta taratibu. Hakuna nati iliyozidi, hakuna iliyopungua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Fundi aliandaa kurudi siku ileile aliyotoka.

Jambo moja tu sikuwa nimelitegemea. Nilipovuta kiti nyuma niweze kutoka, sakafuni palikuwa na mstari wa chaki, hafifu, umefunikwa na vumbi la miaka. Ni pale bwana yule mwenye miguu mirefu alipokuwa akikaa. Fundi hakuwa ameufuta, kwa sababu kazi yake haikuwa imeisha. Nikakirudisha kiti kwenye mstari. Nikaufuta kwa ncha ya kitenge.

Dada alifika Jumamosi na lori, mwembamba kama alivyosimuliwa baba yake. Alilizunguka gari mara mbili, akapitisha kiganja juu ya boneti. Akakaa kwenye kiti, miguu ikawa haifiki vizuri kwenye pedali, akatabasamu.

"Hivihivi alivyoliacha," akasema. "Hata kiti." Akazungusha ufunguo. Hakuna kilicholia. Akauchomoa. "Unajua, kuna dereva alimsimulia baba, akiwa amelazwa, kwamba Kibiti kuna gari dogo jeupe linakwenda bila sauti. Tukamwambia, baba, labda ni lako. Akasema hapana. Langu lipo kwa mtu asiyegusa."

Vijana wa bodaboda walikuwa wamesimama palepale. Mmoja akatazama viatu vyake. Mimi nikasema, "Karibu chai, dada." Akasema safari ni ndefu. Vijana wanne wakalinyanyua Sabuni, wakaliweka juu ya lori bila kamba.

Nilikwenda kwa Fundi jioni hiyo. Jiko lilikuwa na mlango, umeungwaungwa. Alikuwa macho.

"Limekwenda?"

"Limekwenda."

"Kasemaje?"

"Kasema ni hivihivi alivyoliacha. Hata kiti."

Akavuta pumzi, ndefu, ikatoka puani, na ndani yake niliisikia ile sauti ndogo ya kicheko. Akaniuliza kama kasema na jingine. Nikamwambia hapana. Lile la mtu asiyegusa sikumpa, mpaka tulipomzika, wiki mbili mbele. Wanaume walibeba, sisi tukabaki uani, mkewe akiufungua na kuufunga mlango wa jiko kwa kidole, hakuna aliyemwambia aache.

Siku ya tatu baada ya hitima niliazima ufunguo wa gereji. Chuma cha kuungia waya nilikuwa nimekirudisha kwa mkewe, akakiviringisha upya kwenye kanga, akaniambia kaa nacho kwanza. Nikaingia, nikafunga mlango nyuma yangu. Makopo matupu yalikuwa yamepangwa kama nilivyoyaacha. Nikamshusha Bawabu kutoka kwenye rafu, nikamweka juu ya meza ya mkoko, nikaunga waya kwenye betri na kwenye kitufe, vizuri, kama nilivyofundishwa. Nje basi la Lindi lilikuwa linapiga honi. Nikangoja lipite.

Kisha nikabonyeza.